Anti, moto umepita lakini vita ndio imeanza nyumbani kwetu

Shikamoo Anti,

Naomba usinitaje jina manake baba yangu naye anasoma hii safu yako, na akijua ni mimi nimeandika basi hapo nyumbani patachimbika.

Iko hivi Anti. Baba ana nyumba ya ghorofa tatu anapangisha, wapangaji 14, na tangu miguu imsumbue mimi ndo nakusanya kodi, mimi ndo naitwa choo kikiziba, mimi ndo keateka bila mshahara. Nyumba aliijenga mwenyewe kidogo kidogo kwa miaka mingi, mwanzo ilikuwa iwe ya familia, baadaye akaanza kukata vyumba, vikubwa vikagawanywa kwa plaiwudi, umeme ukavutwa kutoka chumba hiki kwenda kile, basi ikawa nyumba ya kupanga. Ngazi ni moja tu inapita katikati, ukifika chini kulia kuna mlango wa mbele, kushoto mlango wa nyuma. Huo wa nyuma baba alishaupiga kufuli tangu mwizi aingie akabeba tivii ya mpangaji, na ufunguo anao mlinzi kwenye bunda lake lenye funguo kama 20 hivi. Madirisha yote yana nondo zilizochomelewa, hadi juu kabisa. Chini ya ngazi kuna pikipiki 2 za wapangaji, mitungi ya gesi ya akiba, na kochi la marehemu mjomba ambalo hakuna anayethubutu kulitupa.

Sasa wiki tatu zilizopita saa 9 usiku kijana wa chumba cha chini, kile cha karibu na mlango wa mbele, alilala simu inachaji kitandani kwenye ekstensheni, godoro likashika. Yeye alitoka mbio akaacha mlango wazi. Anti moto wenyewe haukuwa mkubwa, ulikuwa ni godoro na pazia, lakini ule moshi ulivyopanda ngazi sijawahi kuona, mweusi kama lami. Waliokuwa juu wanashuka hawaoni mbele, wakikaribia mlango wa mbele joto linawarudisha, wanakimbilia wa nyuma wanakuta kufuli. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu ana mapacha, amewabeba wote wawili anapiga mlango kwa goti. Mlinzi anajaribu funguo moja moja mikono inatetemeka. Mwishowe kijana wa jirani akavunja kufuli kwa jiwe kutoka nje. Kizima moto tunacho kimoja, kiko ukutani tangu nyumba ijengwe, mtu akakibandua akabonyeza, kikatoa pumzi kama mtu anayeguna basi. Wakazima kwa ndoo za maji, bahati umeme ulikuwa umeshajikata.

Hakufa mtu, alhamdulilahi. Mzee wa namba 11 juu kule, anatembelea mkongojo, yeye hata hakushuka, alikaa chumbani akaziba chini ya mlango kwa shuka lenye maji, asubuhi ndo tunamkumbuka. Nikikumbuka hilo silali.

Sasa wapangaji wameandika barua, saini 9. Wanataka mlango wa nyuma, ambao baba ameshaupiga kufuli jingine, ufunguliwe, vizima moto kila ghorofa, alamu za moshi, umeme uangaliwe. Barua aliiandika Mwalimu wa namba 7. Baba kaisoma akaitupa, anasema moto waliuleta wao wenyewe kwa kuchaji simu kitandani, yeye afanyeje, hayo ya alamu ni mambo ya siku hizi ya watu waliozoea hoteli, na huyo Mwalimu apewe notisi ahame kabla hajaharibu wengine. Dada yangu yeye ada ya watoto inatoka kwenye hiyo kodi, anasema tununue vizima moto vitatu, tupige picha, tuwatumie kwenye grupu, yaishe, na hela yake tuipandishe kwenye kodi.

Mi niko katikati. Hela ya kufanya yote haipo. Naanzia wapi, nani yuko sahihi, na je ni kweli baba hana kosa kwa kuwa moto haukuanzishwa na yeye?

Keateka bila mshahara

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikwama palepale ulipokwama wewe, kwa yule mzee wa namba 11. Nianze na yeye kwa sababu yeye peke yake kwenye nyumba nzima ndo alifanya jambo la kitaalamu usiku ule. Ngazi imejaa moshi, miguu haina mbio, akafunga mlango akaziba upenyo kwa shuka bichi. Hivyo ndivyo zimamoto wanavyofundisha kama njia ya kutokea imeshazibwa na moshi. Kajiokoa, ninyi hamkumwokoa.

Haya tuje kwa baba. Baba yako ana haki kwenye jambo moja, kuchaji simu kitandani ni ujinga, na huyo kijana aambiwe hivyo bila kumung'unya maneno. Ila kijana alichoma godoro. Kufuli hakuweka yeye, nondo hakuchomelea yeye, plaiwudi hakugonga yeye. Nchi nyingi zenye sheria za moto mgawanyo uko hivyo, mpangaji anajibu kwa mwenendo wake ndani ya chumba chake, mwenye nyumba anajibu kwa jengo lenyewe na yale yanayotumiwa na wote, yaani ngazi, korido, milango ya kutokea, nyaya za ukutani. Kwa hiyo swali la nani alianzisha moto ni moja, na swali la kwa nini mama wa mapacha alikuwa anapiga mlango kwa goti ni lingine kabisa, na hilo la pili jibu lake lina jina la baba yako. Siku akifa mtu, polisi na watu wa bima wataliuliza hilo la pili kwanza. Mwambie hivyo hivyo kama anadhani nachochea.

Na hili la kusema ni mambo ya siku hizi, hapana jamani. New York walianza kuwalazimisha wenye nyumba za kupanga waweke njia ya pili ya kutokea mwaka 1860, baada ya moto kuwanasa wapangaji juu kwenye nyumba ya ngazi moja. Elfu moja mia nane na sitini! Baba wa baba yake alikuwa hajazaliwa.

Sasa dada yako. Samahani mwanangu, lakini wazo la dada yako ndo baya kuliko yote kwenye barua nzima, baya kupita hata ukaidi wa baba yako, kwa sababu yeye anakataa waziwazi na wapangaji wanajua hawana ulinzi, ila dada anataka wajione wana ulinzi wakati hawana. Hebu rudi kwenye usiku ule uweke vizima moto vitatu vipya ukutani, vizuri kabisa, vimejaa. Kisha niambie nani angevitumia. Kijana ametoka mbio. Wa juu hawaoni hata mikono yao. Mlango wa nyuma bado una kufuli. Umeona? Mtungi wa kuzimia moto ni wa moto mdogo, wa ukubwa wa ndoo ya takataka hivi, na wa mtu ambaye tayari mgongo wake uko upande wa mlango, nao unatoa kwa sekunde chache tu umekwisha. Ni kitu kizuri na mtanunua, ila si cha kwanza.

Cha kwanza ni njia. Yaani kama hela yote uliyonayo ni nauli ya kwenda kwa fundi, itumie kwenye njia.

Niruhusu nikusimulie. Mwezi wa tisa 2023 kule Hanoi, Vietnam, jengo la vyumba vidogo vidogo vya kupanga lilishika moto usiku, wakafa watu 56. Moto ulianzia chini, kwenye maegesho ya pikipiki, mlango wa kutokea uko hukohuko chini, na roshani zimewekewa nondo kuzuia wezi. Ngazi ikawa bomba la moshi. Siku chache tu kabla ya hapo, tarehe 31 Agosti mwaka huohuo, Johannesburg kulikuwa na jengo watu wanaishi humo wamegawanya vyumba kwa mbao na mashuka, wakafa zaidi ya 70, na walionusurika wakasimulia geti lililofungwa. Sasa soma barua yako tena. Pikipiki chini ya ngazi, nondo, vyumba vya plaiwudi, kufuli. Hakuna ulichopungukiwa isipokuwa bahati mbaya.

Kwa hiyo kufuli. Hofu ya baba ya wezi ni ya kweli na usiidharau ukiongea naye, tivii iliibiwa. Lakini kuzuia mtu wa nje asiingie na kumzuia wa ndani asitoke ni vitu viwili, fundi wa milango atakuwekea kitasa ambacho nje kinataka ufunguo, ndani unazungusha kwa mkono tu, au hata komeo zito la ndani la kuvuta. Kanuni yenyewe ni fupi, mtu aliyeko ndani afungue gizani, kwa mkono mmoja, bila ufunguo na bila kufundishwa. Mtoto wa miaka 8 akishindwa kuufungua basi huo si mlango wa kutokea. Ukiwa hapo angalia na wa mbele pia, wapangaji wengine wana tabia ya kuufunga kwa ufunguo usiku kisha wanalala nao.

Halafu chini ya ngazi pasafishwe, pabaki sakafu tupu. Pikipiki zitoke nje hata kama ni kwa kufungwa mnyororo kwenye nguzo, tenki la petroli chini ya ngazi pekee ya nyumba ni kama kulala na nyoka ukasema amelala. Kama kuna ya betri, nayo isichajiwe hapo, betri za lithiamu zikishika zinafoka moto mkali na zinaweza kuwaka tena ukidhani umezima. Mitungi ya gesi itoke kabisa ikakae nje penye hewa, imesimama, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi ikatoka dirishani, inashuka na kutuama sehemu ya chini inangoja cheche. Wape wapangaji na hili, ukisikia harufu ya gesi usiwashe taa wala usizime, fungua milango, funga valvu ya mtungi kama unaifikia, toka. Na kochi la mjomba, jamani, Mungu amrehemu marehemu lakini lile povu la ndani likishika moto linatoa moshi wenye sumu unaoangusha mtu mzima kabla hajafika mlangoni. Mzikeni na kochi.

Nondo za madirisha. Usizitoe zote, hata wapangaji hawatakubali. Kila chumba cha kulala dirisha moja linalotosha mtu mzima kupita, fundi wa kuchomelea akate ile grili aifanye kama mlango wenye bawaba, na kifungio cha ndani kisichotaka ufunguo, kikae mbali mkono wa nje usikifikie. Utaniambia ghorofa ya tatu nani ataruka. Simwambii mtu aruke, nataka apate hewa, aonekane, na zimamoto wakifika na ngazi yao wasianze kukata chuma huku mtu anakohoa ndani. Anza na vyumba vya juu, tena anza na namba 11.

Sasa milango ya vyumba, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu hawapajui kabisa. Uliandika kijana alitoka mbio akaacha mlango wazi, ukapita kama jambo dogo. Lile ndilo lililojaza ngazi moshi. Januari 2022 huko Bronx, New York, hita ya umeme iliwasha moto kwenye nyumba moja ndani ya jengo la ghorofa 19, moto wenyewe haukuenda mbali, uliishia kwenye nyumba ile na korido yake, lakini wakafa watu 17, wote kwa moshi, na 8 kati yao watoto. Mlango wa nyumba iliyoungua ulitakiwa ujifunge wenyewe na haukujifunga, na mlango wa ngazi huko juu nao ukabaki wazi. Basi. Kwa hiyo weka kale kachuma ka springi ka kurudisha mlango, kwa kila chumba kinachofungukia ngazi au korido, na mwambie kila mpangaji asiweke tofali kuushikilia. Mlango wa mbao nzito uliofungwa unakupa dakika, wa plaiwudi unakupa karibu bure, kwa hiyo polepole mkipata hela hizo kuta za plaiwudi zinazopakana na ngazi ndo zibadilishwe mwanzo, tofali au jipsamu bodi ya kuzuia moto. Hilo najua ni kubwa, si la mwezi huu.

Alamu za moshi. Dada yako atashangaa, hiki ndo kitu cha bei ndogo kinachofanya kazi kubwa, kwa sababu mtu aliyelala pua yake nayo imelala, moshi haumwamshi bali unamzidishia usingizi. Uingereza, upande wa England, sheria inamtaka mwenye nyumba aweke angalau moja kila ghorofa yenye chumba cha kuishi, na tangu Oktoba 2022 akiambiwa imeharibika ni lazima aitengeneze au aibadilishe. Kwenu mimi ningeweka kwenye dari la ngazi kila ghorofa na moja ndani ya kila chumba pole pole, zile zinazounganishwa zikilia moja zinalia zote kama mtaweza, maana alamu ya chini mtu wa ghorofa ya tatu hataisikia. Isikae karibu na jiko, iache kama mita 3, la sivyo italia kila siku mtu akikaanga na wataitoa betri. Kubonyeza kuijaribu mara moja kwa mwezi, na ikifika miaka 10 itupwe hata kama bado inalia.

Umeme. Usimwite yule yule aliyevuta kutoka chumba hiki kwenda kile. Fundi mwenye leseni afungue boksi la meni swichi aangalie kama breka zinalingana na waya, kwa sababu ugonjwa wa nyumba zilizokatwakatwa ni huu, breka inajikata kila mara kwa kuwa mzigo ni mkubwa, mtu anachoka, anaweka breka kubwa zaidi au anafunga waya kwenye fyuzi, haijikati tena, kila mtu anafurahi, na waya unaiva taratibu ndani ya ukuta. Waya wa milimita mraba 1.5 ni wa taa, soketi kwa kawaida zinataka 2.5, ukikuta soketi zimevutwa kwa waya wa taa umeshapata moto wenu ujao uko wapi. Aongeze na ile breka ya kunasa umeme unaovuja, ya miliampia 30. Na kwa kuwa mlizima kwa ndoo za maji, hiyo "bahati umeme ulikuwa umejikata" iandikeni kwa wino mwekundu, siku nyingine meni swichi izimwe kwanza ndo maji yafuate, na kila mpangaji ajue iko wapi.

Vizima moto sasa, ndiyo, kila ghorofa kimoja karibu na njia ya kutokea, unga mkavu unafaa kwa mengi. Mshale wa geji yake uwe kwenye kijani, muuangalie kila mwezi, fundi akague kila mwaka aweke tarehe. Kile cha kuguna kipelekeni kwa wahusika wakiharibu, kisirudi ukutani hata kama pambo.

Kuhusu hela. Kufuli, kusafisha ngazi, kuhamisha gesi, kumbadilishia mzee chumba, havina gharama ya kutisha na ni vya wiki hii. Na ndiyo, huyo mzee wa mkongojo mpeni chumba cha chini, hata hicho kilichoungua kikishakarabatiwa, huyo kijana akapande ngazi yeye ana miguu. Kitasa, springi na alamu mwezi huu na ujao. Umeme ufuate hapohapo, usisubiri. Grili na vizima moto kadiri kodi inavyoingia. Kupandisha kodi kwa ajili ya kutoa kufuli ambalo hamkutakiwa kuweka, mwanangu, hapana, ni aibu. Baadaye mkijenga kuta za maana, kaeni na wapangaji, fuateni mkataba na sheria ya kwenu, mseme wazi.

Kisha nenda zimamoto uombe waje wakague, usiogope, ripoti yao ndo silaha yako kwa mzee, kwa sababu wewe ni mtoto wake na mtoto haambii baba kitu kikaingia, ila mtu wa yunifomu mwenye karatasi anaingia. Chukua na mkataba wa bima kama upo, usome sehemu ya masharti ya usalama, umsomee kwa sauti.

Mwalimu asiguswe. Kwanza kuna nchi ambako kumfukuza mpangaji kwa kulalamikia usalama ni kosa, pili watu 9 wameweka saini na utamfukuza nani mwingine, tatu huyo ndo msaidizi wako. Mpe kazi. Awaite wote jioni moja, mzime taa za ngazi, kila mtu ashuke kutoka chumbani kwake hadi nje akipapasa ukuta, wapite mlango wa mbele, warudi wapite wa nyuma, mkubaliane mahali pa kukusanyika nje na nani anahesabu watu, na nani ana jukumu la kugonga kwa mzee wa namba 11. Muwaambie moshi unapanda juu hivyo watambae chini, mlango ukiwa wa moto ukigusa kwa mgongo wa mkono usiufungue, na aliyetoka hafuati simu. Mama wa mapacha ashuke nao kweli, siyo kwa maneno, uone inamchukua muda gani.

Na baba yako mwalike. Mpe kiti pale nje aangalie. Usimwambie chochote, mwache amwone huyo mama anavyotoka mlango wa nyuma.

Kufuli litoke kabla ya hapo lakini. Leo.

Anti